Shahidi Ambaye Hakuwapo

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2020, moto uliwaka katika bweni la Skuli ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Watoto 10 walikufa. Walikuwa wametoka majumbani kwao kwenda kutafuta elimu ya dini na ya dunia pamoja, na wazee wao wakarudishiwa maiti. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira waliobaki.

Ndugu msomaji, Kyerwa ni mbali na pwani yetu, lakini si ugenini. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Karagwe ni jina ambalo wazee wetu walilijua vyema. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani na kupitia Tabora ilifika mpaka kwa Mfalme Rumanyika, na wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wakaweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Stanley alipopita huko mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim amekwisha kuwa mwenyeji. Basi msiba wa Kyerwa si msiba wa watu baki.

Baada ya msiba wa namna hii huja maswali, na baada ya maswali huja ndimi. Mmoja husema ni umeme, wa pili husema ni mshumaa, wa tatu hunong'ona kuwa kuna mtu na hasadi yake. Kila mmoja husema kwa yakini, na hapana hata mmoja kati yao aliyekuwapo. Waliokuwapo ama wamekufa, ama ni watoto walioamka usingizini katikati ya moshi na giza, wasiojua ila kwamba walikimbia.

Hapo ndipo anapohitajika shahidi wa aina ya peke yake, ambaye ndiye ninayetaka tumzungumze. Ni shahidi ambaye hakuwapo, hakuona wala hakusikia, na juu ya hayo kadhi au hakimu humwita na kumsikiliza. Huyo ni mjuzi wa kazi: mhandisi, fundi wa majengo, mjuzi wa moto, mjuzi wa meli. Sote tunajua kuwa asili ya ushahidi ni kuona kwa macho. Vipi basi akakubaliwa asiyeona? Na akikubaliwa, ni lipi linalomzuia asiseme analolitaka yule aliyemlipa?

Kutoka Khaybar mpaka Tunis

Jambo hili si geni katika Uislamu. Baada ya Khaybar kufunguliwa katika mwaka wa 7 wa Hijra, watu wake waliachwa walime mashamba yao kwa sharti ya kutoa nusu ya mazao. Mtume (S.A.W.) akawa anampeleka Abdullah bin Rawaha kukisia tende zikiwa bado juu ya mitende. Hiyo ilikuwa kazi ya ujuzi, kwani si kila mtu hutazama mtende akajua utatoa kiasi gani. Imepokewa kuwa watu wa Khaybar walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Alikataa, akawaambia kuwa hiyo ni rushwa na ni haramu, na kwamba yeye hawapendi, lakini chuki yake haitamfanya awadhulumu. Nao wenyewe wakakiri kwamba kwa uadilifu kama huo ndio mbingu na ardhi zimesimama.

Tazama, ndugu yangu, mambo mawili yaliyokutana katika mtu mmoja. La kwanza ni ujuzi, na la pili ni kuuzuia moyo usiingie katika hesabu. Mjuzi mwenye la kwanza bila ya la pili ni mtu wa khatari kuliko mjinga, kwani mjinga hataaminiwa.

Makadhi waliokuja baadaye waliendelea na desturi ya kuwaita wenye ujuzi. Katika mji wa Tunis, mwanzoni mwa karne ya 14 ya miladi, alikuwapo fundi wa kujenga aliyeitwa Ibn al-Rami. Kadhi wa mji alikuwa akimtuma kukagua kuta na njia, majirani wanapogombana. Aliyoyajua akayaandika katika kitabu cha hukmu za majengo. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni ugomvi wa kinu. Mtu huweka kinu cha kusagia kinachozungushwa na mnyama, na jirani hulalamika kuwa mtikiso unamvunjia ukuta. Mwenye kinu hukanusha. Kadhi atajuaje? Fundi huchukua karatasi, akaifunga nyuzi pembe zake nne, akaitundika kwenye dari ya jirani, akatia juu yake punje kavu za giligilani, kisha akaamuru kinu kizungushwe. Punje zikiruka juu ya karatasi, mtikiso upo, na mwenye kinu huamriwa akiondoe. Zikitulia, hana lawama.

Hii ndiyo kazi yote ya mjuzi mahakamani. Hatakiwi kumwambia kadhi, "Niamini mimi." Anatakiwa atundike karatasi, atie giligilani, kadhi aone mwenyewe kwa macho yake. Mjuzi asiyeweza kuonyesha njia aliyopitia mpaka akafikia kauli yake, huyo ametoa dhana, na dhana haimtoi mtu haki yake.

Bandari ya Wells na sharia zetu

Kwa Waingereza jambo hili lilipata umbo lake mwaka 1782, kwa sababu ya bandari. Mji wa Wells, katika jimbo la Norfolk, ulikuwa na bandari iliyokuwa ikijaa mchanga. Wenye kuisimamia walisema sababu yake ni tuta alilolijenga bwana mmoja mwenye ardhi ili kuzuia maji ya chumvi yasiingie shambani mwake. Bwana yule akamleta John Smeaton, mhandisi aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone uliowashwa mwaka 1759. Smeaton alisema bandari inajaa kwa mwendo wa maji ya bahari yenyewe, na tuta halihusiki. Upande wa pili ukapinga, ukasema hiyo ni rai ya mtu, na mahakama husikiliza mambo yaliyoonekana. Lord Mansfield akahukumu kuwa rai ya mwenye ilimu, katika ilimu yake, ikijengwa juu ya mambo ambayo pande zote mbili zinayakubali, ni ushahidi unaofaa kusikilizwa.

Hukmu ile ikaingia katika sharia za Waingereza, kisha katika Sharia ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo wakoloni waliitumia na huku kwetu Afrika ya Mashariki. Kenya ikatunga sharia yake ya ushahidi mwaka 1963, na Tanganyika mwaka 1967, na zote mbili zikauacha wazi mlango wa wajuzi. Lakini mlango huo una bawabu. Mahakama haifungwi na kauli ya mjuzi. Hakimu huisikiliza, akatazama sababu zake, na zisipomtosheleza huiacha. Mjuzi ni msaidizi wa hakimu, na hukmu hubaki mkononi mwa hakimu.

Moto unasomwaje?

Turudi kwenye moto, tuone mjuzi hufanya nini anapofika mahali palipoungua. Kwanza hutaka pasiguswe. Kila ubao unaohamishwa na kila jivu linalofagiliwa ni neno linalofutwa katika kitabu. Kisha huanza palipoungua kidogo, akenda palipoungua sana. Hutazama kuta, kwani moto upandao huacha alama nyembamba chini na pana juu, mfano wa faneli, na ncha ya chini huweza kuelekeza ulikoanzia. Hutazama nyaya za umeme, kama shaba imeyeyuka ikafanya tone. Hutazama mlango: kitasa kilikuwa wazi au kimefungwa? Hutazama madirisha: nondo zilikuwapo? Huchukua udongo akautia katika kopo na kulifunga, ukapimwe kama una petroli.

Yote hayo ni dalili, na dalili zina hadaa zake. Moto ukishakijaza chumba kizima, alama za ukutani huchanganyika na huweza kumpotosha aliyezisoma kwa haraka. Waya ulioyeyuka huenda ndio uliowasha moto, na huenda moto ndio uliouyeyusha ngozi yake hata nyaya zikagusana. Mjuzi wa kweli husema mlango upi umefungwa na upi bado uko wazi. Mjuzi wa uongo huchagua ule unaopendwa na aliyemwita.

Khatari ya jambo hili ilionekana Marekani. Mwezi Disemba 1991, katika mji wa Corsicana, jimbo la Texas, nyumba iliungua na watoto watatu wa kike wakafa. Baba yao, Cameron Todd Willingham, alinusurika. Wachunguzi wa moto wakatoa ushahidi kuwa nyumba ilitiwa moto makusudi, na katika dalili walizozitaja ni vioo vya madirisha vilivyopasuka nyufa nyingi kama utando wa buibui. Waliamini kuwa nyufa zile huletwa na moto uliochochewa kwa mafuta. Ndivyo walivyofunzwa na waliowatangulia, na hapana aliyekuwa amelijaribu jambo lenyewe. Majaribio yakaja kuonyesha kuwa vioo hupasuka hivyo vinapomwagiwa maji vikiwa vya moto, nayo ndiyo kazi ya wazima moto. Mwanakemia Gerald Hurst aliandika ripoti kabla ya siku ya kuuawa, akabainisha kuwa dalili zile hazikuthibitisha kitu. Haikusaidia. Willingham aliuawa kwa hukmu ya mahakama tarehe 17 Februari 2004. Mwaka 2009 mjuzi mwingine, Craig Beyler, aliyetakiwa na tume ya jimbo lile aipitie kesi, alisema vilevile kuwa ushahidi ule haukuwa na msingi wa ilimu.

Wachunguzi wale hawakununuliwa. Walisema kwa nia safi wasilolijua, wakidhani wanalijua. Nasi tumekatazwa kufuata lile tusilo na ilimu nalo, na katazo hilo halimtoi mwenye cheti wala mwenye cheo. Karatasi ya giligilani haikutundikwa, na mtu akafa.

Meli na karani

Watu wa Karagwe na Kyerwa wakitaka kwenda Mwanza kwa njia ya maji huteremka Bukoba, wakapanda meli. Ndivyo walivyofanya wengi mwezi Mei 1996. MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli la Tanzania, iling'oa nanga Bukoba, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 430. Waliokufa wanakisiwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, na maofisa tisa wa Shirika, pamoja na nahodha, wakashtakiwa.

Mtu wa pwani hahitaji kufunzwa kwa nini chombo hupinduka. Jahazi tupu hutiwa farumi ili litulie, na shehena nzito huwekwa chini ngamani. Ukipandisha uzito juu ya sitaha, chombo huenda mrama, na kikishalala upande mmoja hakina nguvu ya kuinuka. Mhandisi wa meli husema hayo hayo kwa hesabu. Huuliza meli ilikuwa na uzito gani, uzito huo ulikuwa juu au chini, na maji yaliyotiwa chini kuituliza yalikuwa kiasi gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo humjulisha hakimu kama kosa ni la aliyeiunda meli, au la aliyeipakia, au la aliyeiendesha.

Lakini hesabu hutaka tarakimu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, wakapatikana 443, nao peke yao walikwisha kuipita ruhusa ya meli. Wa daraja la tatu, maskini waliolipa nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Hakuna mhandisi duniani anayeweza kupima uzito wa watu ambao hakuna aliyewahesabu. Basi fikiri, ndugu msomaji: karani anayemkatia mtu tikiti bila ya kuandika jina lake huona ni jambo dogo, kumbe amemnyima mhandisi tarakimu, amemnyima hakimu ushahidi, na amemnyima mjane hata karatasi ya kuonyesha kuwa mumewe alikuwamo.

Na sisi wa visiwani na pwani tuliyaona hayo mlangoni petu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Maiti 203 zilipatikana. Tume iliyoundwa Zanzibar ilipotoa ripoti yake mwaka 2012, ilisema watu 1,370 zaidi hawakuonekana tena. Idadi hiyo haikutoka katika daftari la meli. Ilibidi itafutwe baada ya msiba, kwa mitaa na vijiji, nyumba zikitaja watu wao waliotoka wasirudi. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Bukoba, na daftari lilikuwa lile lile.

Kanzu mbili za mjuzi

Iko tafauti moja ambayo watu wengi hawaijui, na kutoijua huleta manung'uniko. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliingia ziwani ilipokuwa ikitaka kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, na 19 wakafa. Uchunguzi wa ajali za ndege hufuata mapatano ya kimataifa yaliyofanywa Chicago mwaka 1944, na kanuni zilizotungwa chini yake zasema wazi kuwa makusudio ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama.

Kwa hivyo mjuzi ana kanzu mbili. Akivaa ya mchunguzi, huuliza, "Tufanye nini yasitokee tena?" Akivaa ya shahidi wa mahakama, huulizwa, "Ni nani mwenye kosa, na alipe kiasi gani?" Watu wakiona ripoti ya uchunguzi haimtii mtu hatiani hudhani imeficha. Pengine imeficha, na pengine imefanya kazi yake tu. Aliyefiwa ana haki ya kanzu zote mbili, na kumpa moja si kumtoshea nyingine. Ama mjuzi mwenyewe, katika kanzu yoyote, kauli yake haina budi iwe moja. Fedha ya aliyemwajiri imenunua wakati wake, haikununua ulimi wake.

Kadari na mkono wa mtu

Wapo watakaosema, "Ajali ni kadari, ya nini kuchimbua?" Kadari ni haki na tunaiamini. Lakini tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoutikisa mkoa wa Kagera, na watu 17 wakafa, ardhi ilitikisika chini ya nyumba zote. Nyumba zote hazikuanguka. Ukuta wa matofali ya udongo usiofungwa mkanda wa zege juu yake huachana na paa na kumwangukia aliye ndani, na ukuta uliofungwa hupasuka ukasimama. Tetemeko ni la Mwenyezi Mungu. Mkanda wa zege ni wa fundi, na fundi ataulizwa.

Vivyo hivyo moto. Mwezi Machi 1998, katika skuli ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wasichana 26 walikufa bwenini, na sababu iliyotajwa ni hitilafu ya umeme. Mwezi Machi 2001, katika skuli ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, walikufa wavulana 67, na huko moto ulitiwa kwa mkono wa mtu. Mioto miwili, sababu mbili zisizofanana. Lakini mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo yalikuwa kule, na yalikuwa kule. Hapa pana jambo ambalo mjuzi hulipambanua na sisi huwa tunalichanganya: kilichowasha moto ni swali moja, na kilichoua watoto ni swali jingine. Tunamaliza nguvu zetu kumtafuta aliyewasha, na aliyefunga mlango tunampa mkono wa pole.

Sisemi kuwa ndivyo ilivyokuwa Byamungu. Kusema hivyo bila ya ujuzi kungekuwa ni kuingia katika kosa lile lile ninalolikemea. Ninalosema ni kwamba swali la mlango halihitaji kungoja msiba ndipo liulizwe.

Mzazi anayempeleka mwanawe bwenini, iwe Kyerwa, Lamu au Tanga, ana haki ya kuingia akatazama: milango mingapi, inafunguka kwa ndani au kwa nje, ufunguo hukaa kwa nani usiku, dirisha gani mtoto anaweza kulisukuma akatoka, na fundi gani aliyefunga umeme. Wenye madrasa na skuli wasilichukue hilo kuwa ni kuvunjiwa heshima. Na mahali pakiungua, tuwazuie watu kukanyaga na kufagia mpaka wajuzi wafike. Aliyeona aseme alichokiona tu, asiongeze alichokisikia. Na wajuzi wetu, vijana wa pwani wanaosoma uhandisi leo, wajue kuwa siku moja huenda wakaitwa wasimame mbele ya hakimu kuwasemea watu wasioweza tena kusema. Siku hiyo watataka ilimu iliyojaribiwa na moyo usiouzwa, na vyote viwili huanza kutayarishwa sasa.